Filamu Ikiisha Kutengenezwa, Hubaki na Nani?

Watu wakizungumzia mtandao na filamu za watayarishaji wadogo, mazungumzo huishia haraka kwenye idadi: chaneli fulani ina wafuasi wangapi, kipindi fulani kimetazamwa mara ngapi, fulani amelipwa kiasi gani. Mimi ni mhariri wa picha hapa Kisumu. Kazi yangu ni kukaa na picha walizopiga wenzangu mpaka ziwe hadithi, na kadiri ninavyoendelea nayo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba badiliko kubwa kuliko yote liko kwenye swali la nani hubaki na filamu baada ya kazi kwisha. Mtandao umelifungua swali hilo upya, na nina wasiwasi kwamba huku magharibi mwa Kenya tunalijibu kwa haraka mno, mara nyingi kwa sahihi tu mwishoni mwa karatasi ambayo hatujaisoma.

Kwa miaka mingi nchini palikuwa na mlango mmoja. Shirika la utangazaji la taifa, lililoitwa Sauti ya Kenya kabla ya kuwa KBC, ndilo lililokuwa na kamera, studio na mitambo ya kurushia matangazo, na vipindi tulivyokua navyo, kama Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilikuwa vyake tangu wazo hadi kanda. KTN ilipoanza mwaka wa 1990 ulifunguka mlango wa pili, kisha vituo vingine vikafuata, lakini maamuzi yote yaliendelea kufanyika Nairobi. Mtayarishaji wa Kisumu, Kakamega au Bungoma aliyekuwa na kipindi alipanda basi la usiku akiwa na kanda yake mkobani, asubuhi akakaa kwenye mapokezi ya kituo, na hata alipobahatika kukubaliwa, mkataba aliopewa ulikuwa umeandikwa na wanasheria wa upande mmoja. Lugha zetu zilifika kwenye runinga ya taifa kwa nadra, na zilipofika mara nyingi zilikuja kama lafudhi ya kuchekesha. Mhusika Papa Shirandula wa runinga ya Citizen, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko hadi kifo chake mwezi wa Julai 2020, alipendwa nchi nzima, na huku kwetu alipendwa zaidi kwa sababu tulimtambua kama mtu wa nyumbani. Hata hivyo alikuwa mtu wa nyumbani aliyeandikiwa Nairobi na kurekodiwa Nairobi.

Nje ya runinga palikuwa na soko lingine ambalo halikuhitaji idhini ya mtu. Barabara ya River Road jijini Nairobi ilizaa filamu za bei nafuu, nyingi kwa Kikuyu na Kikamba, zilizouzwa kwenye diski. Huku kwetu vibanda vya video vilijaa vijana waliokuja kutazama filamu za Marekani, Uchina na India zikisimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi kama DJ Afro, ambaye sauti yake wengi wanaikumbuka kuliko sura za waigizaji wenyewe. Soko hilo lilikuwa na uhai mwingi, lakini filamu ilipotoka leo, kesho ilikuwa tayari kwenye kila duka la filamu mjini, ikinakiliwa kwenye flashi ya mteja kwa bei ya andazi na chai, na aliyeitengeneza hakupata chochote. Kwa hiyo mtayarishaji alikuwa na njia mbili: kukipa kituo kila kitu kwa malipo ya mara moja, au kuiachia filamu mikononi mwa wanakili. Kwa njia zote mbili filamu haikubaki kwake.

Mambo matatu yalikuja karibu kwa pamoja na kuiondoa hali hiyo. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi 2007, na tangu hapo mtu wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu akaweza kupokea pesa kutoka kwa mtu wa Malindi bila benki kati yao. Mwaka wa 2008 Canon ilitoa kamera ya picha ya 5D Mark II, iliyoweza pia kurekodi video ya ubora ambao awali ulihitaji vifaa vya bei ya gari, na baada yake kamera za namna hiyo zikashuka bei mpaka vijana wa video za harusi wakaweza kuzimiliki. Kisha mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika ufukweni Mombasa, na intaneti, iliyokuwa ikipitia setilaiti kwa gharama kubwa, ikaanza kupanda kutoka pwani kuja bara. Ninaamini hakuna hata moja kati ya haya ambalo peke yake lingetosha. Kamera bila mtandao ingetuletea harusi nzuri zaidi tu, na mtandao bila njia ya kupokea pesa ungetuletea sifa zisizolipa kodi ya nyumba.

Matokeo yake ninayaona kila wiki. Kuna kundi la marafiki zangu wanaotengeneza tamthilia kwa Kijaluo, hadithi ya mjane na shemeji zake wanaogombania shamba huko Seme, ambalo ni jambo kila familia ya huku inalijua kwa ndani. Wanapiga picha Jumapili na siku za likizo kwa sababu nusu ya waigizaji ni walimu, wananiletea diski, na tukimaliza kuhariri tunapakia usiku wakati bando ni nafuu. Hakuna kituo cha taifa ambacho kingeinunua kazi hiyo, kwa sababu kituo kinahitaji watazamaji wengi kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Watazamaji wa tamthilia hii wametawanyika. Wako Kisumu na Homa Bay, wako Nairobi mtaani Umoja, wako Mombasa, wako nchi za Ghuba wakifanya kazi za nyumbani, na wako Marekani, wakiitazama kila mmoja kwa saa yake. Mtangazaji wa biashara hulipa zaidi kumfikia mtazamaji aliye Marekani au Uingereza kuliko aliye Ahero, kwa hiyo shangazi aliyehamia ng'ambo na kuitazama hadithi ya nyumbani jioni baada ya kazi huichangia chaneli kuliko anavyodhani.

Masharti ya kulipwa yanafaa kujulikana na kila anayeanza, maana wengi huambiwa habari za mafanikio tu. Tangu mwaka wa 2018, YouTube hudai chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla haijaanza kushiriki mapato ya matangazo, na mwaka wa 2023 ikaongeza ngazi ya chini ya wafuasi 500 kwa wanaotaka kuchangiwa na mashabiki tu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa mtazamaji wa kawaida hukaa na kipindi chako dakika 12, unahitaji kutazamwa mara 20,000 kabla ya senti ya kwanza. Ukishafika, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video ndefu, na hulipwi mpaka yafike dola 100. Kabla ya hapo, akaunti ikifikisha dola 10, Google hukutumia barua ya karatasi yenye namba ya siri ili kuhakikisha anwani yako. Hapo ndipo marafiki zangu walipokwama, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na sanduku la posta. Waliandika sanduku la shule ambayo mmoja wao hufundisha. Barua ikakaa kwenye meza ya karani pamoja na barua za wazazi na risiti za karo mpaka mtu akaitambua kwa muhuri wake wa kigeni. Mfanyakazi yeyote wa filamu huku asijidharau kwa kuulizia sanduku la posta mapema.

Sasa niseme jambo lililonifunza kuhusu milki kuliko semina yoyote. Katika tamthilia hiyo hiyo kuna kipindi cha usiku wa matanga. Mwongozaji alitaka sauti halisi ya boma lenye msiba, kwa hiyo spika zilizokodiwa zilipiga wimbo wa ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, ambao kila mtu anaujua, na juu ya wimbo huo mjane na shemeji yake wakazungumza kuhusu hati ya shamba kwa namna iliyowafanya hata wapiga picha wanyamaze. Ilikuwa kazi bora kuliko yote waliyowahi kufanya. Tulipoipakia, mfumo wa YouTube unaotambua muziki na video zenye wenyewe, ambao umekuwepo tangu mwaka wa 2007, uliutambua wimbo huo, na mapato ya kipindi kizima yakaelekezwa kwa mwenye haki ya wimbo. Nilijaribu kila njia niliyoijua kuuondoa. Wimbo na maneno vilikuwa vimerekodiwa kwa maikrofoni moja, vikachanganyika kama sauti moja, na kila nilipopunguza ngoma ndivyo kilio cha mjane kilivyopungua. Tukabaki na chaguo la kukikata kipindi au kukiacha kimfaidi mwingine, nasi tukakiacha.

Sikumlaumu mwanamuziki, wala simlaumu leo. Wimbo ni wake, naye kwa miaka mingi ameibiwa kwenye matatu, kwenye vilabu na kwenye maduka ya filamu yale yale tuliyokuwa tukiyalalamikia sisi. Kwa tamthilia iliyofuata, wenzangu walimtafuta mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, huko Siaya, wakamlipa kwa siku, wakarekodi vipande vyake vyote pembeni bila maneno, na wakaandikiana karatasi inayosema wanaweza kuvitumia katika tamthilia hiyo na popote itakapoonyeshwa. Muziki huo umeipa kazi yao sura ambayo wimbo wa kila mahali usingeipa. Wenzetu wa Bungoma wana litungu, ala yao ya nyuzi, na wapigaji hodari, na ningependa kuusikia mlio wake kwenye filamu kabla wapigaji hao hawajazeeka wote.

Sheria yenyewe iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humtambua kuwa mwenye filamu yule aliyefanya maandalizi ya kuitengeneza, yaani mtayarishaji, na haki hiyo hudumu kwa miaka 50. Lakini sheria hiyo hiyo husema kwamba kazi ikiagizwa na mtu mwingine, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawe wamekubaliana vinginevyo. Kifungu hiki ndicho ambacho vijana wetu hukanyaga bila kukiona. Kituo kikikupa fedha na kukuambia utengeneze vipindi 13, nawe ukakaa kimya kuhusu haki, ukimya wako unaweza kuwa umekigawia kituo nusu karne ya kazi yako. Niliwahi kuhariri tamthilia ya namna hiyo kwa kituo kimoja ambacho sitakitaja. Ilirushwa msimu mmoja, ikaondolewa, na watayarishaji walipoomba ruhusa kuiweka mtandaoni ili waigizaji wapate angalau watazamaji wapya, walikataliwa. Kituo chenyewe hakiirushi wala hakiipakii. Ipo tu kwenye rafu, na mtoto aliyeigiza humo sasa ana ndevu. Mwenye shamba akilikodisha kwa misimu miwili, hati hubaki naye na mpangaji hujua siku ya kuondoka, na sioni kwa nini filamu isikodishwe vivyo hivyo.

Majukwaa makubwa ya kigeni yalipokuja, wengi tulidhani yangeyamaliza matatizo haya. Netflix ilifunguka kwetu mwezi wa Januari 2016 pamoja na nchi nyingine nyingi kwa siku moja, na mwaka wa 2022 Country Queen ikawa tamthilia ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa humo kama kazi yake yenyewe. Nilifurahi kwa dhati, kwa sababu ubora wa picha na sauti ulipanda nchini kote, na watu niliowafahamu wakalipwa kwa wakati. Lakini jukwaa halina ahadi kwa mji wowote. Mpango wa Netflix wa kutazama bure kwenye simu, ulioanzishwa Kenya mwaka wa 2021, ulifungwa mwaka wa 2023, na mwezi wa Januari 2024 Prime Video ikatangaza kwamba haitaagiza tena kazi mpya barani Afrika na Mashariki ya Kati. Walioathirika zaidi ni wale waliokuwa wameziuza kazi zao moja kwa moja, kwani mnunuzi alipobadilisha mawazo hawakuwa na kitu mkononi cha kumpelekea mwingine.

Ndiyo maana ninawatazama Wanigeria kwa makini. Fedha za majukwaa zilipopungua, watayarishaji na waigizaji wakubwa wa Lagos walifungua chaneli zao za YouTube na kuanza kuweka filamu nzima bure kwa mtazamaji. Mwezi wa Machi 2025 Omoni Oboli aliiweka Love in Every Word kwenye chaneli yake, na ndani ya wiki chache ikatazamwa zaidi ya mara milioni 20. Mapato ya matangazo yake ni jambo moja, na mimi nalitazama lile la pili: filamu ile ni yake, mwendelezo wake ni wake, na akitaka kesho kuiuza kwa kituo chochote duniani atakaa mezani akiwa mwenye mali. Karibu nasi zaidi, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe na kuziuza kwa mkono. Kionjo cha Who Killed Captain Alex? kilipofika mtandaoni mwaka wa 2010, dunia ikamjia hadi mlangoni. Mwaka wa 2015 aliomba mtandaoni dola 160 za filamu nyingine, akachangiwa zaidi ya 13,000. Lakini hadithi yake ina upande unaoniuma kama mhariri. Nakala ya Captain Alex isiyo na sauti ya msimulizi anayezungumza juu ya picha haipo tena, kwa sababu nafasi kwenye kompyuta ilihitajika kwa kazi iliyofuata.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ahifadhi vipi haki yake, humwuliza kwanza kama ana diski ya pili. Stima inakatika Kisumu, diski zinaanguka, wezi wanavunja milango, na kilichopakiwa mtandaoni ni nakala iliyobanwa tu, ambayo huwezi kuihariri upya wala kuiuzia kituo kinachodai ubora kamili. Kila kazi ninayoikabidhi siku hizi inatoka na nakala mbili za picha zote ghafi, moja kwa mtayarishaji na moja inayohifadhiwa nyumba nyingine, mtaa mwingine. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha siku moja cha wapiga picha, na bado ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Kuhusu leseni na kodi nitasema kidogo. Mwaka wa 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ilikumbusha kwamba hata anayepakia video mtandaoni kwa ajili ya umma anahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Kodi siipingi. Leseni naiona nzito kwa mwalimu anayepiga picha Jumapili kwa simu kwenye boma la mama yake, na ningefurahi serikali za kaunti za huku zikibeba gharama hiyo kwa kazi zinazofanywa kwa lugha za huku.

Kwa sasa tunaandika mkataba. Tuko wachache kutoka Kisumu na Kakamega, tumeketi na wakili kijana anayetusaidia bila malipo, na tunataka ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mtayarishaji yeyote mdogo anaweza kuuchapisha na kuupeleka kwenye kituo, kwenye jukwaa au kwa mfadhili. Ukurasa huo umeshasema kwamba mnunuzi anakodisha na hanunui, kwamba muda hauzidi miaka mitatu, kwamba haki ya kila lugha inahesabiwa peke yake ili toleo la Kijaluo lisimezwe na la Kiswahili, na kwamba kazi isiyoonyeshwa kwa mwaka mzima inarudi kwa mwenyewe bila kesi. Hayo tulikubaliana upesi.

Kifungu kilichotukwamisha ni cha waigizaji. Watayarishaji wengi kikaoni wanataka waigizaji walipwe kwa siku na mambo yaishe, kwa hoja kwamba hesabu za YouTube huja kidogo kidogo kwa miaka na hakuna anayeweza kuzigawa kwa watu 20. Mimi nashikilia kwamba tukidai kituo kisitunyang'anye haki yetu ya miaka 50, hatuwezi kumlipa mjane wa Seme posho ya siku moja na kuendelea kula sauti yake kwa muda huo wote. Nimependekeza sehemu ya kumi ya kila malipo igawanywe kwa waigizaji wenye majina kwenye orodha ya mwisho, itumwe kwa M-Pesa mara mbili kwa mwaka, hata kama ni shilingi mia mbili. Kura ya mwisho ilitugawa katikati, na tunakutana tena mwisho wa mwezi.